Shangazi, nimefanywa mwenyeji kwa sababu najua Kiswahili

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu Mombasa. Tangu Machi niko Mbeya kwa muhula mmoja, kwenye programu ya kubadilishana wanafunzi. Tuko tisa: Wajerumani wawili, Mfini, Mjapani, Mmalawi, Waganda wawili, Mnyarwanda na mimi. Tunakaa hosteli moja, tunapika jiko moja, na miezi miwili ya kwanza tulipendana sana. Mbeya yenyewe nimeipenda, ingawa baridi yenu sikuitegemea. Tangu Mei iingie nalala na sweta mbili na soksi.

Wiki ya kwanza tulikwenda Mwanjelwa kununua mablanketi. Mimi ndiye niliyezungumza na muuzaji kwa sababu Kiswahili ni lugha yangu. Waganda na Mnyarwanda wanajua cha kuombea maji, wale wengine hata hicho hawana. Tangu siku ile kila kitu ni mimi. Maji yakikatika, natumwa mimi kwa mlinzi. Mfini alipoumwa tumbo saa nane usiku, niligongewa mlango nikaenda naye zahanati. Mjapani akitaka kushona suruali, twende wote kwa fundi. Sikuwahi kulalamika, maana nyumbani nimelelewa hivyo. Lakini Shangazi, mimi Mbeya siijui. Nilifika siku moja na wao. Wiki nzima nilikuwa nauliza watu matatu za Uyole zinasimama wapi, wakanitazama tu, mpaka kondakta mmoja akaniambia, dada, hapa tunasema hiace.

Sasa tumepanga safari ya kwenda kuona maporomoko ya Kalambo, sote tisa, kabla muhula haujaisha. Wazo lilitoka kwa Mjerumani mmoja. Kutafuta gari, kupokea michango, kupiga simu, nikaachiwa mimi. Tumekubaliana kila mtu atoe 100,000, na zote ninazo. Nilikwenda stendi na yule Mjerumani kutafuta gari. Dereva alianza na 1,000,000 kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nilimbembeleza kama dakika ishirini. Katikati ya maneno akaniambia, "Dada, Kiswahili chako kama cha taarabu, unaniombea punguzo au unaniimbia?" Nikacheka, naye akacheka, wenzake waliokuwa wamekaa kwenye boneti wakacheka. Mwenzangu alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni. Tukafunga kwa 750,000 na nikampa dereva 200,000 ya kutangulizia. Nilirudi hosteli nikijiona shujaa.

Juzi usiku mwenzangu wa chumba, mmoja wa wale Waganda, alinionyesha simu yake. Kumbe kuna kundi jingine la WhatsApp. Letu lina watu tisa, hilo lina wanane. Mjerumani ameandika kwamba niliongea na dereva muda mrefu, tukacheka, halafu bei ikatoka 750,000, wakati mtu wa kitivoni kwake amemwambia gari linapatikana kwa 600,000. Mwingine akajibu kwamba pengine na mimi nina changu humo. Mwenzangu akaniambia kwa huruma, "Hapa wanaita cha juu." Neno lenyewe nililisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, Shangazi, na nalisikia nikiwa mimi ndiye ninayeambiwa nimekula.

Kuna na jambo la viingilio. Nilipopiga simu kuuliza, niliambiwa raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao na wageni wa nje wana chao, ambacho ni kikubwa zaidi. Wajerumani wanasema tuchange sawa, sisi ni familia moja. Waganda na Mnyarwanda wananinong'oneza jikoni kwamba si haki sisi tuwalipie Wazungu, na wanataka mimi ndiye niseme, kwa kuwa hela ziko kwangu. Yaani huku mwizi, huku msemaji.

Safari ni Jumamosi baada ya hii ijayo. Nafikiria kumrudishia kila mtu hela zake, niseme naumwa, nibaki hosteli. Lakini Kalambo nilikuwa naitamani kuliko wote. Nifanye nini?

Mgeni aliyefanywa mwenyeji, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu.

Hilo kundi la watu wanane limeniuma kama ningekuwa mimi. Nitakueleza kwa nini.

Miaka ya tisini tulivuka mpaka wa Kasumulu walimu saba, tukaenda Karonga, Malawi, kwa siku tatu. Mimi ni Mnyakyusa, na ng'ambo ile ya mto Songwe wenyeji ni Wangonde. Lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja. Nilisalimia kwa Kinyakyusa changu, wakaitikia kwa Kingonde chao, na hapo hapo wenzangu sita wakaona wamepata mwenyeji. Karonga nilikuwa sijawahi kukanyaga! Lakini kwacha za safari nikashika mimi, chumba nikatafuta mimi, na siku ya kuondoka nikatumwa kununua debe la usipa tugawane. Yule mama wa samaki alikuwa mcheshi, tukacheka sana juu ya namna wao wanavyolitamka neno moja na sisi tunavyolitamka. Tulipofika kwenye gari, mwalimu mwenzangu akasema, si kwa kunificha, "Huyu na hawa ni ndugu, wanajuana." Usipa wakagawana kimya kimya, kila mmoja akipima kwa macho.

Sikusema kitu. Niliona kujitetea ni kujishusha. Tulifundisha shule moja na yule mwalimu miaka minne baada ya hapo, na kwa miaka yote minne mazungumzo yetu yalikuwa "habari za asubuhi" na "nzuri". Mpaka leo najuta kunyamaza kule. Kwa hiyo usinidanganye kwamba utasema unaumwa. Ukibaki hosteli, wanane wataondoka wakijua kwamba kweli ulikula.

Ulichokifanya ni kizuri, na ni kazi. Kutafsiri ni kazi, kubembeleza bei ni kazi, kumpeleka mgonjwa zahanati saa nane usiku ni kazi ya mama mzazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umepewa siku ile ile ya kushuka kwenye basi, na wenzako wanane bado wamekaa mkekani. Wao wanaona kwa kuwa lugha ni yako, basi na mji ni wako, na madereva wa stendi ni binamu zako. Mtu asiyewahi kuwa mgeni ndani ya lugha yake mwenyewe hawezi kulijua hilo mpaka aambiwe.

Lakini nikuambie na la upande wako, kwa upendo. Zile dakika ishirini pale stendi, yule kijana wa Kijerumani alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Alisikia sauti zinapanda, zinashuka, watu wanacheka, halafu anaambiwa tarakimu. Ungegeuka mara mbili tu ukamwambia, "anataka milioni, mimi nimesema laki sita," na ule utani wa taarabu ukamtafsiria, angecheka na ninyi. Simtetei. Kwenda kukusema kisirisiri ni kosa lake, na alitakiwa akuulize wewe kwanza. Ila hela za watu tisa umezishika peke yako bila kuandika popote, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Kaa nao wote, ana kwa ana, baada ya chakula cha jioni, si kwenye simu. Tumia lugha ambayo wote mnaielewa. Waambie unajua kwamba kuna kundi la watu wanane. Usimtaje mwenzako wa chumba, na wewe usianze kuuliza nani aliandika nini, maana mtalala na hilo. Weka mezani hela zilizobaki, 700,000, wazihesabu wao. Waambie jinsi bei ilivyokwenda kutoka milioni hadi 750,000. Kisha waambie ile habari ya kondakta na matatu za Uyole. Usiichukulie kuwa kichekesho tu, ndiyo yenyewe unayotaka waielewe.

Kuhusu hizo 600,000 za mtu wa kitivoni, muulizeni swali moja: bei hiyo na mafuta? Huku kwetu mtu akikutajia bei ya gari anaweza kuwa anataja gari na dereva tu, tanki utajaza mwenyewe. Mwingine anataja na mafuta, lakini chakula na malazi ya dereva ni juu yenu. Na mwingine anafikiri mnakwenda Tukuyu. Bei mbili haziwezi kulinganishwa kabla hamjajua ndani yake mna nini.

Sasa nije kwenye safari yenyewe, maana hapo ndipo nimeogopa hasa. Nani aliwaambia Kalambo ni kwenda na kurudi siku moja?

Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni kilomita mia na kitu, kwa barabara ambayo malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana. Tunduma hadi Sumbawanga ni kama kilomita 220. Bado hujafika: unashika njia ya Matai, kilomita kama 50 nyingine, halafu unaendelea hadi kwenye maporomoko. Kwenda tu kunakaribia kilomita 400 au kuzidi. Mkiondoka saa kumi na moja alfajiri, na gari lisipate pancha, na foleni ya Tunduma isiwashike, mtafika saa saba mchana mmechoka. Kule kuna ngazi ndefu za kushuka bondeni, na kila ngazi unayoshuka utaipanda. Saa kumi mnaondoka. Jua linazama hata Tunduma hamjaiona, na dereva yule yule aliyeamka saa tisa usiku ndiye atakayewarudisha gizani kati ya malori. Hapana, mwanangu. Kwa hilo nakataa kabisa, na ukikubali utakuwa umeniumiza.

Kalambo ni ya siku mbili. Laleni Sumbawanga Jumamosi, kwenye maporomoko mwende Jumapili asubuhi, mrudi mchana. Au mlale Matai, muamke karibu. Panahitaji kutulia. Maji yanaanguka mara moja, bila kugonga popote katikati, zaidi ya mita 200. Mosi-oa-Tunya wanayoijua wenzako kwa jina la Victoria ina mita 108. Ile ina upana wa kilomita moja na zaidi, hii ni kamba moja nyeupe inayoning'inia kati ya Tanzania na Zambia, halafu mto unaingia bondeni kuelekea Ziwa Tanganyika. Wenzako wapenda historia waambie pia kwamba juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, wataalamu walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine. Walipochapisha matokeo yao 2023 walisema yana umri usiopungua miaka 476,000. Watu wamekuwa wakikaa kando ya mto ule tangu kabla hata hatujawa binadamu wa aina hii tuliyo leo. Mimi nikilifikiria hilo nasisimka mwili. Sasa mtu afike mahali kama hapo, apige picha nne, akimbilie gari?

Kama siku mbili hamna, au hela za kulala hamna, basi acheni Kalambo ya mwaka huu, nendeni maporomoko ya Kaporogwe. Najua si jina kubwa. Lakini Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita 70 hivi, lami tupu, unapita Uyole, unapanda Isongole kwenye ukungu na magunia ya viazi, unashuka Kiwira, na kuanzia hapo ni migomba na chai mpaka macho yachoke kijani. Kutoka Tukuyu si mbali tena. Maji yake yana kimo cha mita 25 hivi, lakini unaweza kupita nyuma yake ukasimama, ukaitazama dunia kupitia maji yanayoanguka. Njiani mnasimama Daraja la Mungu, pale volkeno ya Rungwe ilipomwaga uji wake wa moto ukaganda juu ya mto Kiwira na kuacha maji yapite chini. Siku moja inatosha, na jioni mmerudi kupika. Jambo moja tu nakuonya kwa kuwa unatoka pwani: wewe bahari unaijua, mto wa milimani huujui. Mawe yake yana utelezi hata yakionekana makavu, na maji ya Rungwe yanakata mifupa kwa baridi. Vaeni viatu vyenye meno, na yeyote asiogelee pale yanapoangukia.

Lipi kati ya hayo mawili mtachagua, si wewe wa kuamua. Waambie umbali, waambie bei, kisha kaa kimya wapige kura. Utaona mwili unavyokuwa mwepesi.

Viingilio. Hapa nitawaudhi wote wa jikoni na wa sebuleni. Gari, mafuta, malazi na chakula cha dereva gawaneni sawa, kwa sababu kiti cha Mjerumani na kiti chako ni kile kile. Kiingilio kila mtu alipe chake getini, kwa kitambulisho chake. Kalambo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ofisi zao zitawaambia kiwango cha kila mmoja kabla hamjaondoka, na kwa kitu kama hicho msitegemee alichosema mtu wa simu mara moja. Kila mmoja abebe pasipoti, mko mpakani kule.

Lakini Waganda na Mnyarwanda wanapopiga hesabu jikoni, wamemsahau mtu. Malawi haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huyo Mmalawi wenu, ambaye kwao ni hapo tu baada ya Songwe, ambaye pengine posho yake ni ndogo kuliko ya yeyote kati yenu, anaweza kujikuta kwenye fungu moja na Mfini na Mjapani. Katika barua yako hakuna mahali aliposema neno. Mfuateni mapema mkiwa wawili, mmuulize atawezaje. Kama hawezi, hiyo tofauti mchangie mnaoweza, wa Ulaya na wa Afrika Mashariki, bila kutangaza. Kama ninyi ni familia kweli, familia inaonekana hapo, si kwenye kulipiana viingilio na mtoto wa Berlin.

Kazi zigawe usiku huo huo wa kikao. Hela ashike mtu mwingine, na mimi ningempa yule Mjerumani mwenye mashaka. Nasema hivyo kwa moyo mweupe: akishika daftari atajua utamu wake. Mganda mmoja ashughulikie malazi, Mjapani vyakula vya njiani, Mfini dawa za huduma ya kwanza maana tumbo analijua. Wewe bakiza kutafsiri, lakini watafsirie na wao wajaribu. Wafundishe "punguza kidogo", wafundishe "bei ya mwisho ngapi", kisha wapeleke Mwanjelwa wakanunue nyanya peke yao. Wakirudi wamepigwa bei usiwacheke.

Mwenzako wa chumba mshukuru. Aliyekuonyesha simu ile alikuwa na sababu nyingi za kutokuonyesha.

Na zile 200,000 za dereva: usiende peke yako kuzungumza naye tena. Nenda na mshika hela mpya na mmoja mwingine, mapema wiki ijayo, kabla dereva hajakataa abiria wengine kwa ajili yenu. Mwelezeni kama safari imekuwa ya siku mbili au imegeuka kuwa ya Tukuyu, mwambie aseme bei yake upya na mafuta yakiwa ndani, umtafsirie Mjerumani neno kwa neno, na karatasi iandikwe: kiasi kilicholipwa, kilichobaki, tarehe, namba ya gari, sahihi mbili. Dereva akikutania tena habari za taarabu, tafsiri na hiyo.